Pikipiki Iliyopanda Trela ya Mbuzi

Jumatano, 14 Oktoba 1959

Imefika! Pikipiki ya Gerishon wangu imefika. Nyeusi, tangi jekundu, taa kubwa kama jicho la ng'ombe aliyeshiba. Imelala ndani ya nyumba, kando ya kabati la vyombo. Nimeifunika kwa shuka yangu ya maua. Baba Gerishon akauliza sisi tutajifunika nini. Nikamwambia sisi tuna damu, hiyo ni chuma tupu, ndiyo itakayoshikwa na baridi.

Chama cha wakulima wa kahawa kimempa kijana wangu kazi. Atazunguka viwanda vyote vya kahawa, kutazama kama inaoshwa vizuri na kuanikwa vizuri. Watu wazima wenye mvi watamwita bwana mkubwa. Sharti ni moja tu: awe na pikipiki Jumatatu ya tarehe mbili mwezi ujao. Hakuna pikipiki, hakuna kazi. Gerishon ameweka akiba tangu aache shule. Hakununua hata soksi. Mimi ndiye niliyemzaa.

Naandika haya kwa Kiswahili. Kiswahili cha Baba Gerishon ni cha kuitisha chai tu, hawezi kunichungulia. Mimi nilifika darasa la nne kwa misheni na mwandiko wangu ulisifiwa.

Wakonyo, jirani yangu wa mlango wa pili, alikuja kuomba chumvi. Chumvi! Alikuja kuona. Akazunguka pikipiki, akasema si mbaya, ila mkwe wake wa Kiambu anayo ya magurudumu matatu. Nikamwambia gurudumu la tatu ni la watu wasiojua kusimama. Akaenda bila chumvi.

Ijumaa, 16 Oktoba

Kesho tunakwenda Ruiru, kwa Mzee Githinji, kupeleka mbuzi za kumposa Warigia. Msichana mzuri. Ana adabu, na ni mwalimu wa watoto wadogo. Mama yake, Njambi, anajisikia kidogo. Hata mimi ningejisikia kama ningekuwa na mkwe kama Gerishon.

Gerishon anasema sisi tutangulie, yeye atakuja juu ya pikipiki yake. Aca, hapana! Mvua imenyesha juzi na jana, barabara ni uji. Na suti yake ya kijivu? Atokee mbele ya wakwe na matope mpaka masikioni, wadhani tumemtoa shambani?

Nikafikiri. Mungu akanifungulia akili.

Munyao mchinjaji ana gari. Nyuma ya gari ana trela ndogo anayochukulia mbuzi huko Yatta. Tayari tumemwomba abebe mbuzi zetu. Basi pikipiki nayo si ipande humo humo? Tufike kwa mpigo mmoja: gari, trela, mbuzi, pikipiki. Watu wa Ruiru wasijue macho wayaweke wapi. Halafu wakati wa kurudi, Gerishon aipande mbele yao wote, suti ikiwa safi, avume!

Gerishon aliniuliza kwa heshima, Mama, kitu chenye magurudumu na injini yake kinabebwa kwa nini. Nikamwambia hata bibi arusi wa zamani alikuwa na miguu yake na alibebwa mabegani. Akaenda kupiga suti pasi. Akili yake ameitoa kwangu, lakini bado sijampa yote.

Baba Gerishon naye akasema, kutoka kule pembeni, kwamba angekuwa ni yeye asingeweka kitu chake pamoja na mbuzi za mahari. Nikajua anaogopa kinyesi. Nikamwambia nitapangusa mwenyewe.

Jumamosi, 17 Oktoba

Woi. Woi, woi.

Wacha nianze na pale palipokuwa pazuri. Munyao alisimamisha pikipiki katikati ya trela, akaikaza kwa kamba pande zote, mbuzi wengine kulia, wengine kushoto. Mimi nikafunga utepe mwekundu kwenye mkono wa usukani. Tulipita mbele ya nyumba ya Wakonyo. Nikakumbuka nimesahau leso. Tukarudi. Tukapita tena. Leso ilikuwa kifuani mwangu.

Njiani watu walisimama. Pale Juja mtu mmoja alivua kofia. Nilimpungia.

Tulipofika, wanawake wa Njambi walikuwa wameziba lango, wanaimba kutuuliza sisi ni nani na tumeleta nini. Tukaimba kuwajibu. Sauti yangu ilikuwa juu ya zote. Tumeleta mema, tumeleta mengi, niliimba. Mengi! Ulimi wangu mwenyewe.

Lango likafunguliwa. Gerishon akaenda nyuma ya nyumba kusalimu wazee. Mbuzi zikaanza kushushwa. Nyanya wa Warigia, ambaye waliniambia hajasimama bila kushikwa tangu mavuno, akasimama. Akaja mpaka kwenye trela. Akaweka kiganja juu ya ile taa, akapiga vigelegele. Wanawake wote wakamfuata. Nikadhani wanasifu, kama mtu anavyosifu koti la mgeni. Nikapiga vigelegele nami. Nilipiga kuliko wote! Ngai anisamehe.

Nilipofungua macho, vijana walikuwa wamekata kamba, wameinyanyua pikipiki, wameiweka chini ya ghala. Pamoja na mbuzi.

Mzee Githinji akasimama na mgwisho wake. Akasema tangu azaliwe ameona mbuzi, ameona asali, ameona blanketi. Lakini nyumba iliyomletea mtu pikipiki kwa ajili ya msichana hajaiona, na baba yake hakuiona. Akasema sasa anajua binti yake anakwenda kwa watu. Wote wakageuka kunitazama mimi. Nitasema kweli, maana hapa nasema peke yangu: palikuwa patamu. Niliketi wima kama chifu. Njambi mwenyewe aliniletea kiti chenye mto.

Halafu nikaona uso wa Gerishon pale kwenye kona ya nyumba. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, kama mtu aliye makaburini.

Nikamnong'oneza Baba Gerishon awaambie. Akanong'ona, awaambie nini? Kinachopandwa ni cha mgeni. Kinachoshushwa pamoja na mbuzi ni cha wenyeji, kila mtu anajua hivyo. Na kilichopigiwa vigelegele hakitoki langoni tena. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema aliniambia jana.

Tulirudi na trela tupu. Inaruka kila shimo, inapiga kelele kama sufuria. Gerishon alikaa mbele na Munyao. Hakugeuka nyuma hata mara moja.

Jumapili, 18 Oktoba

Kando ya kabati kuna doa la oili. Nimechukua majivu nilipanguse, nikashindwa. Nimeliacha. Shuka ya maua nimeikunja. Gerishon hajala.

Baada ya ibada Wakonyo akauliza, kwa sauti ya kuitia watu, ile pikipiki iko wapi, mbona haikumleta kijana kanisani. Nikasema tumewapa wakwe. Tumewapa! Akina mama wakashika vinywa. Mmoja akasema hakuna mama wa namna hii Thika nzima. Palikuwa patamu kama jana, lakini kwa muda mfupi zaidi. Wakonyo akafunga kitambaa chake polepole, akauliza, basi kijana atazunguka hivyo viwanda akiwa amepanda nini, ulimi wako?

Nikamwachia neno la mwisho. Mimi! Nimepata jibu saa hii nikimenya viazi, lakini watu wamekwenda nyumbani.

Jumanne, 20 Oktoba

Nina njia. Mzee Githinji lazima aichoke mwenyewe. Mtu akichoka na zawadi, anaweza kuwaomba wenyewe wamtunzie. Hapo vigelegele havina neno.

Munyao alikuwa anakwenda Ruiru kutafuta ng'ombe wa kuchinja. Nikampa maneno ya kumfikishia mzee: kwamba nimekosa usingizi kwa ajili yake. Kwamba kitu kile kinakunywa petroli kama mlevi wa Jumamosi, kinataka oili, kinataka mipira, na kikikasirika kinapiga teke.

Munyao amerudi na majibu. Mzee anashukuru kwa moyo huo. Anasema hata ng'ombe anakula, na hata punda anapiga teke. Tena hajaiwasha na hana haja ya kuiwasha. Anaikalia tu. Kila asubuhi anaipanda pale chini ya ghala, anatazama barabara, watu wanaopita wanamwamkia. Kesi za wazee siku hizi anazisikiliza akiwa juu yake. Kiti amekipaka mafuta ya mbarika.

Mafuta ya mbarika! Gerishon aliposikia alitoka nje.

Alhamisi, 22 Oktoba

Njia nyingine, na hii haina tundu. Nimempelekea Mzee Githinji habari kwamba pikipiki yoyote mpya ni lazima irudishwe kwa fundi wa Thika ikishapoa, itazamwe tumbo. Isipotazamwa, inaweza kulipuka na mtu akiwa juu yake. Ikishafika Thika, basi fundi atakuwa na kazi nyingi. Fundi ataugua. Fundi atasafiri kwao. Mambo ya mafundi hayana mwisho, nani asiyejua?

Gerishon ameniomba niache. Amesema atakwenda mwenyewe, aketi na mzee, amwambie ukweli. Nikamwambia bwana arusi hafungui kinywa kwa wakwe zake juu ya zawadi. Atapoteza pikipiki na msichana siku moja. Awaachie wanaojua. Akasema, sawa, Mama. Hiyo sawa yake haikuwa na chumvi.

Jumamosi, 24 Oktoba

Mwandiko leo si wa kusifiwa.

Mzee Githinji alikubali. Nilikwenda na Munyao kuichukua. Furaha yangu! Lakini mzee akasema zawadi ya heshima haisafiri peke yake kama gunia, ataisindikiza. Nikamfungulia mlango wa gari. Hakuuona. Akavaa koti lake refu na kofia yake ya kwendea kwa chifu, akapanda trela, akapanda pikipiki, akashika usukani. Nikamwambia Munyao akaze kamba upesi tuondoke kabla mzee hajabadili nia. Munyao akasema haoni pini ya kushikisha trela kwenye gari, lazima imeanguka nyasini, aitafute. Nikamwambia hatuna siku nzima, atie kitu chochote. Akatia kijiti cha mti wa kahawa.

Mimi ndiye niliyesema. Si Munyao.

Tukaenda. Nilikuwa nimegeuka namtazama kwa kioo cha nyuma. Amekaa wima, koti linapepea, kila anayemwona anainuliwa mkono. Pale Juja wanawake waliokuwa sokoni wakapiga vigelegele. Munyao alikuwa anacheka mpaka gari linakwenda kama nyoka. Hata mimi nilicheka.

Kwenye mteremko wa kuelekea Kalimoni, mkokoteni wa ng'ombe ukatokea mbele yetu. Munyao akakanyaga breki. Nikasikia gari limekuwa jepesi. Nikatazama nyuma: hakuna trela. Hakuna mzee. Nikafungua kinywa nipige kelele, na hapo ndipo nikawaona, upande wa kulia. Wanatupita! Trela inatupita, juu ya trela pikipiki, juu ya pikipiki Mzee Githinji, anaangalia mbele kama dereva wa gavana. Aliponifikia aliinua kofia.

Wakaingia kwenye mkonge.

Nilikimbia viatu mkononi. Nilikuwa ninalia, na si kilio cha kuonyesha watu. Moyoni nilimwona Warigia akilia. Nilimwona Gerishon amesimama katikati ya watu wawili waliokufa, mmoja akiwa mzee na mwingine akiwa mimi. Nikawakuta: trela imeinama, mkonge umeishika kama mikono. Mzee bado yuko juu. Amechanwa kidogo kifundo cha mguu. Pikipiki haina hata alama.

Akaniuliza kitu kimoja tu: amewapita au hakuwapita?

Nikasema, umetupita, Baba Warigia.

Akasema basi. Kumbe kuiendesha ni rahisi. Na kama imekimbia hivyo, tumbo lake ni zima, haina haja ya fundi. Turudi Ruiru.

Tukarudi Ruiru. Munyao alipata chuma cha kweli kwa watu wa mkokoteni.

Jumapili, 25 Oktoba

Sikwenda kanisani. Nimemwambia Wakonyo ni kichwa.

Gerishon alinisikiliza jana mpaka mwisho. Hakupiga kelele. Heri angepiga. Aliuliza tu, mzee angevunjika shingo, nani angekwenda kumwambia Warigia? Akalala. Chai niliyompikia asubuhi ilikaa mezani mpaka ikafanya ngozi.

Nimekaa na hiyo chai. Nimefikiri, siku kumi zilizopita kijana alikuwa na pikipiki, ana kazi, ana msichana. Alitaka tu kuipanda barabarani kama mtu mwingine yeyote, achafuke, afike, apigwe maji ya ndoo na wakwe zake wacheke pamoja. Suti inafuliwa. Hilo ndilo jambo ambalo sikulijua, mimi niliyemfulia nguo tangu azaliwe.

Baba Gerishon amekuja akaketi karibu nami. Huyu mtu anajua kunyamaza vizuri. Lakini mara nyingine nataka agombe.

Jumatano, 28 Oktoba

Gerishon amekwenda Ruiru leo bila kuniambia. Kwa basi, peke yake, amevaa nguo za kazi. Jioni amerudi. Amekula sahani nzima. Kisha akatueleza.

Alimkuta Mzee Githinji chini ya ghala, juu ya pikipiki. Akamwambia hivyo hivyo: Baba, hiki hakikuwa zawadi, hiki ni jembe langu, nisipokuwa nalo Jumatatu sina kazi ya kumlishia binti yako. Nikashika kichwa. Nikangoja aseme posa imevunjika.

Mzee alicheka mpaka kofia ikaanguka. Alisema tangu siku ya kwanza alikuwa anajiuliza ni mama wa namna gani anayetupa jembe la mwanawe kwa watu. Lakini akasema, nyanya aliipigia vigelegele, na kikitoka nje ya lango moja kwa moja nyanya atalala na asiamke. Basi wamekubaliana. Pikipiki ni ya boma la Githinji. Gerishon ataichukua kila asubuhi aende kazini, na kila jioni ataileta ilale Ruiru. Hata amefundishwa pa kuiweka ili kuku wasiifikie. Mzee ataikalia Jumapili.

Nikasema Mungu ni mwema! Nikaanza wimbo. Gerishon akaningoja nimalize ubeti. Akasema, kwa hiyo Mama, amepata chumba huko Ruiru. Hawezi kutoka Thika kila alfajiri kuifuata. Atahama Jumamosi.

Nikauliza nani atampikia. Akasema atajipikia mpaka arusi. Kujipikia! Mtoto ambaye hajui maji yamechemka mpaka aambiwe.

Alipokuwa anapanga mashati kwenye sanduku, aliniuliza kama anaweza kupata ile shuka ya maua. Ya kufunikia pikipiki. Nilimpa. Nilikuwa nimeipiga pasi.

Jumatatu, 2 Novemba

Leo ameanza kazi. Nilisimama barabarani tangu asubuhi, maana alisema atapitia Thika kwenda kwenye viwanda vya juu. Nikangoja. Nikamsikia kabla ya kumwona. Akatokea! Matope mpaka masikioni. Hajawahi kupendeza hivyo. Nikawaambia wote waliokuwa pale, na wasiokuwa wananisikiliza nikawaambia mara mbili, kwamba yule ni wangu. Akapiga honi. Hakusimama, yuko kazini. Nilibaki nimeinua mkono mpaka moshi ukaisha.

Nyumbani ni kimya. Nimepika ugali wa watu watatu kwa mazoea. Baba Gerishon amesema, kwa upole, sasa umeona, pikipiki ni ya kupandwa. Nikamwambia nimeona. Nimejifunza, nikamwambia, na sitasahau mpaka kaburini. Nilikuwa nasema kweli.

Halafu Wakonyo akaja. Ana shangazi Ruiru, hakosi habari. Ati Njambi amewaambia wanawake wenzake kwamba watu wa Thika walileta kitu kimoja kikubwa kwa sababu ndicho kitu pekee walichokuwa nacho. Kitu pekee! Sisi! Na mwanangu sasa anaishi huko kati yao, anasikia maneno hayo kila akienda kuchukua pikipiki.

Sasa, kaka yangu Ephantus amesafiri kikazi Mombasa na ameniachia gramafoni yake niitunze. Anaipenda kuliko mke. Ina tarumbeta ya shaba, ukiipangusa unajiona mpaka meno. Nimeongea na Munyao, Jumamosi yuko huru. Tutaiweka katikati ya trela, juu ya mkeka wangu mpya, ikiimba. Njambi aione tu. Aisikie kidogo, niwasalimu, nimwone Gerishon kama amekonda, turudi nayo jioni.

Nilipomweleza Baba Gerishon, aliweka kikombe chini. Akafungua kinywa. Nikamwambia atulie, mimi si mjinga, mambo ya mbuzi nimeyaelewa. Safari hii hakuna mbuzi hata mmoja kwenye trela.

Ni kuku tu, wa kumpelekea nyanya.